Kugawana Faili Kubwa Bila Kuelemea Mtandao

Ukiwa mwalimu wa kompyuta kwenye chuo chenye mashine 30, na kila mashine inahitaji faili lilelile la GB 4, hesabu yake inatisha kabla hata kazi haijaanza. Kwa laini ya megabiti 10 kwa sekunde, nakala moja inachukua karibu saa nzima, tena kama hakuna mwingine anayegusa mtandao. Nakala 30 ni zaidi ya saa 26. Muda wote huo laini imekabwa, barua pepe za ofisi haziendi, na mhasibu anasimama mlangoni kuuliza nani amekula mtandao. Kinachouma zaidi ni kwamba mashine zote zinavuta baiti zilezile kutoka seva ileile iliyoko Ulaya, kupitia waya uleule wa chini ya bahari, ilhali ile iliyotangulia kumaliza iko mita mbili tu kutoka kwa jirani yake.

Dawa ya jambo hili ni torenti, njia ya kompyuta kupeana vipande vya faili zenyewe kwa zenyewe. Ipo tangu mwaka 2001 na haiuzwi. Hata hivyo vyuo vingi, studio za video na ofisi zenye matawi haviitumii, kwa sababu neno torenti limechafuliwa na filamu za wizi. Mimi nalitetea. Na katika kulitetea nitakaa zaidi kwenye sehemu isiyoeleweka sana, yaani seva inayozikutanisha kompyuta. Malalamiko mengi ninayoyasikia, mara imegoma, mara haisogei, mara imemaliza bando, yanatokana na kutojua seva hiyo inafanya nini na nini si kazi yake.

Kwanza tujue ilikotoka. Mwaka 1999 kijana wa Marekani, Shawn Fanning, alitoa Napster. Nyimbo zilibaki kwenye kompyuta za watu, lakini orodha ya nyimbo zote na wenye nyimbo ilikaa kwenye seva za kampuni. Ukitafuta wimbo, unaiuliza seva. Inakuonyesha nani anao, kisha unauchukua kwa mwenyewe. Udhaifu ukawa hapo hapo: anayeshika orodha anajua kila kitu, na anayejua kila kitu mahakama inaweza kumshurutisha. Julai 2001 Napster ikazimwa. Kabla ya hapo, Machi 2000, ilikuwa imezaliwa Gnutella, ambayo iliiondoa seva kabisa. Swali lilipitishwa kutoka mashine hadi mashine, kila mmoja akimuuliza jirani yake. Mtandao ulipokua, maswali yenyewe yakajaza laini za modemu za watu hata pale ambapo hakuna faili lililokuwa likipita.

Mwaka 2001 mwandishi wa programu Bram Cohen akaja na BitTorrent, na uamuzi wake mkubwa ulikuwa kubakiza seva lakini kuipunguzia maarifa. Seva yake, ambayo mafundi huiita traka, haina kisanduku cha kutafutia. Haihifadhi faili na wala haipitishi hata kipande chake. Jina la faili haihitaji kulijua. Ni daftari la mahudhurio tu: nani yupo kwenye kundi hili sasa hivi, na anapatikana wapi.

Ili uone udogo wa kazi hiyo, tuanze na faili la torenti lenyewe. Ndani yake mna jina la faili kubwa, ukubwa wake, ukubwa wa kila kipande, heshi ya kila kipande na anwani ya traka. Heshi ni alama inayokokotolewa kutoka kwenye baiti za kipande. Ikibadilika baiti moja tu, alama yote inakuwa nyingine. Chukua faili la GB 4 kamili, yaani baiti 4,294,967,296, ulikate vipande vya MB 1. Unapata vipande 4,096. Heshi ya SHA-1 ina baiti 20, kwa hiyo heshi zote kwa pamoja ni baiti 81,920. Maana yake faili la GB 4 linaelezwa kikamilifu na kijifaili cha KB 80 hivi, ambacho unaweza kukituma kwa WhatsApp kwenye kundi la darasa. Halafu sehemu inayolieleza faili nayo inapigiwa heshi yake, na hiyo ndiyo inayokuwa utambulisho wa torenti nzima. Traka inaujua utambulisho huo, basi.

Sasa tazama mazungumzo yenyewe. Mwanafunzi anafungua torenti kwenye kompyuta yake. Programu inapeleka kwa traka pakiti ya baiti 16 kuomba namba ya mazungumzo, na traka inarudisha baiti 16. Hatua hii inahakikisha kwamba anayeuliza hajaghushi anwani. Kisha programu inapeleka pakiti ya baiti 98 inayosema: nipo kwenye torenti hii, utambulisho wangu ni huu, nimepakua kiasi hiki, nimetoa kiasi hiki, nimebakiza baiti hizi, ndiyo kwanza naanza, nipatie wenzangu, na mimi napatikana kwenye poti hii. Traka inajibu kwa baiti 20 zinazosema wenye nakala kamili ni wangapi, wanaoendelea kupakua ni wangapi, na uje tena baada ya muda gani. Zinafuata anwani za wenzake, kila moja baiti 6: nne za anwani ya IP na mbili za poti. Wenzake 50 ni baiti 300. Jumlisha yote, unapata baiti 450. Meseji nne za kawaida za simu zinabeba zaidi ya hapo.

Baada ya hapo traka inanyamaza. Kwenye traka nyingi muda wa kurudi ni sekunde 1,800, yaani nusu saa. Programu itarudi kusema bado nipo, itarudi tena ikimaliza kupakua, na itaaga ikifungwa. Kila kitu kingine kinafanyika kati ya wenzi wenyewe. Wanaambizana nani ana vipande gani, wanaombana kwa mafungu ya KB 16, na wanakimbilia kwanza vipande vilivyo adimu kundini ili visipotee. Kila kipande kinachofika kinapigiwa heshi na kulinganishwa na ile iliyoandikwa kwenye torenti; kisipolingana kinatupwa na kuombwa upya. Kwa hiyo mwenzi mkorofi anaweza kukuchelewesha, lakini hawezi kukupenyezea uchafu ndani ya faili.

Kuna kanuni moja ya Cohen inayowasumbua watumiaji wengi wa kwetu bila wao kujua. Programu haitoi vipande kwa kila mtu sawasawa. Inawapendelea wale wanaoipa. Katika mpango wake wa awali, kila sekunde 10 inapima nani anatoa kwa kasi, inawahudumia wachache walio bora, na kila sekunde 30 inampa nafasi mgeni mmoja ajaribu bahati yake. Mtu anayebana upande wa kutoa hadi karibu na sifuri ili kuokoa bando anajikuta mwisho wa foleni. Kwenye kundi lenye wenye nakala kamili wengi hataona tofauti, maana hao hawadai chochote. Kwenye kundi dogo atangoja sana. Ushauri wangu ni kuacha sehemu ya kutosha ya uwezo wa kutoa, tuseme robo tatu, na kubana hapo tu. Ukiuachia wote, ombi lako dogo la kufungua ukurasa wa kawaida litakwama nyuma ya vipande vinavyotoka.

Sasa nifike kwenye ushauri ninaousisitiza kuliko mwingine wote. Kwa kuwa kazi ya traka ni ndogo hivi, usiazime traka ya mbali kwa kundi lililo karibu. Iweke yako, na iwe jirani na watu wako.

Sababu ya kwanza ni ya kiufundi na wengi huikosa. Traka inaandika anwani inayoiona. Kama mashine zako 30 zinaiendea traka iliyoko Ujerumani, zote zinatokea kwenye anwani moja ya nje, ile ya ruta ya chuo. Traka inaziambia zitafutane kwa anwani hiyo, na ruta nyingi haziwezi kuugeuza mwito unaotoka ndani ukiielekea ruta yenyewe ili urudi ndani. Mashine zilizo chumba kimoja zinashindwa kuonana, kila moja inakwenda kuvuta Ulaya, na mnarudi kwenye zile saa 26. Traka ikiwa ndani ya jengo, inaziona anwani zao halisi za ndani, zile zinazoanza na 192.168 au 10, inazitambulisha kwa anwani hizo, na vipande vinapita kwenye swichi yenu kwa kasi ya gigabiti bila kuonja intaneti.

Sababu ya pili tuliiona wenyewe tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na kwa majirani. Siku kama hiyo kompyuta mbili zilizoko Dar es Salaam kwa watoa huduma tofauti bado zinaweza kufikiana, kwa sababu watoa huduma hubadilishana mizigo yao hapa hapa, kama Nairobi wanavyofanya kupitia kituo cha KIXP. Waya wa ndani upo. Ila kama daftari la mahudhurio liko ng'ambo na halifikiki, kompyuta hizo zitakaa kimya kila moja upande wake, wala hakuna atakayejua mwenzake yupo mtaa wa pili.

Kuiweka si kazi kubwa. Njia fupi ni qBittorrent, programu huria inayopatikana kwa Windows na Linux, ambayo ina traka ndogo ndani yake. Unaiwasha kwenye mipangilio yake ya juu, na kwa kawaida inatumia poti 9000. Kwa maabara moja inatosha kabisa. Ukitaka kitu cha kudumu, kuna opentracker, programu nyepesi mno inayoweza kukaa kwenye kompyuta chakavu yenye Linux au kwenye Raspberry Pi, na poti yake ya kawaida ni 6969. Lakini opentracker ikiachwa ilivyo inampokea kila mtu na kila torenti. Ukiiweka kwenye intaneti bila ulinzi, wageni wataigundua, na seva yako itaanza kuratibu mizigo usiyoijua. Itengeneze kwa namna inayokubali tu zile heshi ulizoziorodhesha. Hapo usione uvivu. Jina lako ndilo lililo kwenye anwani hiyo.

Unapoandika anwani ya traka ndani ya torenti, tumia jina, si namba ya IP. Mashine ikifa au mkihama ofisi, unalielekeza jina kwenye mashine mpya na torenti za zamani zinaendelea kufanya kazi. Hata ukisahau, si msiba mkubwa: anwani ya traka iko nje ya ile sehemu inayopigiwa heshi, kwa hiyo kila mtu anaweza kuibadilisha au kuongeza nyingine kwenye programu yake, na kundi likabaki lilelile. Weka traka mbili kama unaweza, moja ndani na moja nje kwa ajili ya matawi.

Kwa matawi, ongeza pia kile ninachokiona ni msaada mkubwa kuliko wote kwa ofisi ndogo: anwani ya tovuti yenye faili lilelile. Torenti inaruhusu kuandikwa kiungo cha kawaida cha wavuti, na programu ikikosa kipande kwa wenzi inakichota huko. Tawi la Mwanza likifungua kompyuta peke yake saa mbili asubuhi, wengine wote wakiwa hawajafika, halitakwama. Wenzao wakifungua zao, mzigo unahama taratibu kutoka kwenye tovuti kwenda kwao.

Ukubwa wa kipande usikusumbue. Programu huchagua zenyewe, na kwa mafaili ya GB kadhaa MB 1 hadi 4 inafaa. Kama programu yako inakupa nafasi ya kutengeneza torenti ya toleo la pili au ile ya mchanganyiko wa matoleo yote mawili, chagua mchanganyiko. Toleo la pili linatumia SHA-256 badala ya SHA-1, ambayo mwaka 2017 watafiti wa Google na wa taasisi ya CWI ya Uholanzi walionyesha kwamba inaweza kughushiwa kwa kutengeneza mafaili mawili tofauti yenye heshi moja.

Sasa kuhusu alama ya faragha, maana hapa watu wanajidanganya. Unapotengeneza torenti kuna kisanduku cha kuifanya ya faragha. Ukikitia tiki, programu inakatazwa kutafuta wenzi kwa njia nyingine yoyote zaidi ya traka uliyoitaja. Hiyo haina maana kwamba faili limefungwa. Yeyote atakayelipata faili la torenti na kuifikia traka atapewa orodha na ataanza kupakua. Kama ni mitihani, rekodi za wagonjwa au mishahara, lifunge faili kwanza kwa nywila kwa programu kama 7-Zip, ndipo ulitengenezee torenti, na nywila ipite njia nyingine. Tena kisanduku hicho kimo ndani ya sehemu inayopigiwa heshi, kwa hiyo ukikibadilisha baadaye unapata torenti mpya na kundi jipya. Waliokwisha kuanza wanabaki nyuma. Amua mapema.

Zile njia nyingine ni zipi? Mwaka 2005 programu za BitTorrent zilianza kutumia daftari lililogawanywa kwa watumiaji wenyewe, kwa kufuata mpango wa Kademlia ulioandikwa mwaka 2002 na Petar Maymounkov na David Mazières. Kila kompyuta inapewa namba, inatunza sehemu ndogo ya daftari, na ukiuliza kuhusu torenti unaelekezwa hatua kwa hatua kwa wale ambao namba zao zinakaribiana na heshi yake. Pamoja na hilo, wenzi waliokwisha kuunganishwa hupeana anwani za wengine wanaowajua. Njia hizi zilikua kiasi kwamba Novemba 2009 The Pirate Bay, ambao traka yao ilikuwa kubwa kuliko zote duniani, waliifunga na kusema haihitajiki tena.

Wengi huchukulia hapo kwamba seva imekufa. Haijafa. Kompyuta inayofungua daftari hilo kwa mara ya kwanza haimjui mtu yeyote, na lazima ianzie mahali. Kwa hiyo programu zinakuja na anwani za seva chache za kuanzia, zilizoandikwa ndani yake. Ukifika hapo unaonyeshwa wenzi wa mwanzo na safari inaendelea. Mtandao wa ofisi ukizizuia seva hizo, na hakuna traka, programu mpya itazunguka bila kumpata mtu. Kiungo cha sumaku, kile kinachobeba heshi bila faili la torenti, kina tabu hiyo hiyo, na zaidi ya hapo lazima kwanza kimpate mwenzi mmoja wa kukipa maelezo ya faili. Kwenye mitandao ya kwetu mimi hupendelea kutuma faili la torenti lenyewe. KB 80 si kitu, na linaanza kazi papo hapo.

Njia ya tatu ndiyo ninayoipenda kwa maabara: tangazo la ndani. Programu inapaza sauti kwenye mtandao wa jengo kwamba ina torenti fulani, na mashine nyingine zenye torenti hiyo zinajitokeza. Haihitaji seva kabisa. Mipaka yake ni miwili. Tangazo hilo halivuki ruta, kwa hiyo jengo lenye mitandao miwili litagawanyika. Na waifai nyingi za shule na hoteli zimewekewa kizuizi ili mashine za wageni zisionane; kizuizi hicho kikiwepo, tangazo linakufa, na hata traka ya ndani haitasaidia kwa sababu vipande vyenyewe havitapita. Tumia nyaya, au mwombe anayesimamia waifai aondoe kizuizi kwenye mtandao wa maabara tu. Ukumbuke pia kwamba alama ya faragha inazima tangazo hili. Nimeona torenti iliyotiwa tiki kwa nia njema ikizifanya mashine jirani zishindwe kuonana, na traka iko bara jingine.

Simu na bando ni habari tofauti. Mtu wa bando anayepakua GB 4 na kuacha programu irudishe kiasi hicho hicho ametumia GB 8, na ataona kama ameibiwa. Kwenye LibreTorrent au programu nyingine ya simu, washa kile kipengele cha kupakua kwa waifai pekee kabla ya kuingiza torenti ya kwanza. Halafu kampuni za simu kwa kawaida huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Uliye nyuma ya anwani hiyo unaweza kupiga mwito kwa mwingine, lakini yeye hawezi kukupigia. Wawili mkiwa hivyo, traka itawatambulisha vizuri tu na bado mara nyingi mtashindwa kuunganishwa. Ukiona traka inasema kuna wenzi kumi na wewe umeunganishwa na wawili, sababu kubwa ni hiyo. Kundi lote linahitaji angalau mashine moja inayofikika kutoka nje, yenye poti iliyofunguliwa kwenye ruta. Mashine hiyo ndiyo ofisi iigharamie, iwe makao makuu au seva ya kukodi ya bei ndogo.

Ukishaweka kikomo cha kasi kwa ajili ya laini ya nje, hakikisha kikomo hicho hakizihusu mashine za ndani. Mipangilio ipo, lakini mara nyingi imejificha. Na Windows inapouliza kwa mara ya kwanza kama programu iruhusiwe kwenye mtandao, ruhusu ule wa ndani. Wanaobofya kukataa kwa haraka ndio hao watakaokuita baadaye.

Lazima niseme pia traka inajua nini kuhusu wewe. Inajua anwani yako ya IP, saa uliyoingia, torenti uliyoomba, na ulichotoa na kupokea. Na wengine wanajua pia: yeyote mwenye heshi anaweza kuiuliza traka kama wewe ulivyoiuliza, akapewa orodha yenye anwani yako. Wenye haki za filamu na muziki hufanya hivyo. COSOTA kwa Tanzania na KECOBO kwa Kenya wapo kwa ajili ya kazi za wasanii, na msanii wa Bongo Fleva anayeibiwa wimbo ni mtu wa kwetu. Gawa kilicho chako au ulichoruhusiwa. Vya halali ni vingi kupita uwezo wa diski yako: Debian na Ubuntu hutoa mifumo yao kwa torenti kupitia traka zao wenyewe, Internet Archive ilianza kutoa makusanyo yake kwa njia hiyo mwaka 2012, na Kiwix inatoa Wikipedia nzima ya kusomwa bila intaneti, ambapo ile ya Kiingereza yenye picha inazidi GB 100. Kwa shule ya kijijini yenye laini dhaifu, nakala moja ya Kiwix iliyopakuliwa mjini kisha ikagawanywa kwa torenti ya ndani kwenye maabara ni maktaba kamili.

Heshi za torenti zinakuhakikishia kwamba umepata kile alichokitia aliyeitengeneza. Hazikuambii kama yeye ni mwaminifu. Kwa mfumo wa kompyuta au programu, ichukue torenti kwenye tovuti ya watengenezaji wenyewe, na ukimaliza linganisha na heshi waliyoichapisha hapo.

Kuna kazi ambazo torenti haizifai. Torenti ni ya faili lisilobadilika. Ukigusa herufi moja unahitaji torenti nyingine. Kwa folda ya nyaraka zinazohaririwa kila siku kati ya ofisi tatu, tumia Syncthing, nayo ni huria. Humo pia zimo seva za kukutanisha: kila kifaa kina utambulisho wake, kinaiarifu seva ya ugunduzi kilipo, na wenzake huiuliza. Vifaa vikishindwa kufikiana moja kwa moja, ipo seva ya kupitishia inayobeba baiti zilizokwisha kufungwa, ambazo haiwezi kuzisoma. Hiyo hubeba mzigo kweli, kwa hiyo kasi hushuka. Ukiona neno la kupitishia kwenye skrini ya Syncthing, fungua poti 22000 kwenye ruta ya angalau ofisi moja, na utaona tofauti.

Mwisho, kundi likikwama. Kama ni mashine moja tu iliyokwama kwenye sifuri, tazama ujumbe wa traka: ikiwa haifikiki, kosa ni la jina, poti au mtandao; ikiwa inajibu na kuorodhesha wenzi, kosa ni la kizuizi kati yenu. Lakini kama wote mmekwama kwenye asilimia ileile, tuseme 97, msihangaike na seva. Angalieni ile namba inayoonyesha kuna nakala ngapi kamili kundini. Ikiwa chini ya 1, kuna vipande ambavyo hakuna hata mmoja wenu aliye navyo, na aliyekuwa navyo amezima kompyuta akaenda zake. Mpigieni arudi, aelekeze programu kwenye faili lake la awali. Litakaguliwa heshi moja moja na vipande vilivyokosekana vitatoka humo. Iwe ni faili lilelile, kwa maana mtu wa studio akiwa ameihariri video na kuihifadhi upya kwa jina lilelile, heshi zitakataa na torenti itabidi ianze upya. Mimi humtaka aliyetengeneza torenti aiache mashine yake ikiwaka mpaka traka ionyeshe wenye nakala kamili wasiopungua watatu, na wawili kati yao wawe nje ya jengo lake.